Papasi wa Mkwe Wangu

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Kijijini Lionja tena. Nyumba kumi na nne. Bomba la kupulizia limeziba mara mbili. Unga wa dawa umenijaa puani, masikioni, hadi kwenye mhogo wa kuchoma niliopewa.

Mzee mmoja alinizuia mlangoni. Alisema papasi wake hawajamdhuru tangu azaliwe, ila mimi nimeanza kumdhuru tangu asubuhi. Nikamweleza polepole. Papasi ni kupe wa nyumbani. Mchana hujificha kwenye nyufa za sakafu, usiku hutoka kumnyonya aliyelala, na humwachia homa inayoondoka na kurudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama unga huu unaua na panya. Nikasema kidogo. Akanipisha.

Watoto wameniimbia "Bwana Papasi" hadi nje ya kijiji. Jina langu ni Abdala. Kutoka hapa mpaka Mbwemkuru sidhani kama kuna mtu analijua.

Mimba ya mke wangu Zuhura imetimiza miezi saba. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, Chinongwe. Nimekataa. Chumba alichozaliwa mke wangu nakijua, niliwahi kuingia na kurunzi kabla hatujaoana. Ukuta ulikuwa unatembea. Homa ya papasi hutoa mimba, nimeona mbili mwaka huu. Sitaki kuiona ya tatu nyumbani kwangu. Basi, kama binti haendi kwa mama, mama anakuja kwa binti. Alhamisi.

Naogopa Alhamisi kuliko papasi.

Alhamisi, 5 Agosti

Amefika juu ya lori la ufuta. Mkeka, mto, kikapu, mchi (mchi tunao) na beberu mwekundu mwenye ndevu ndefu.

Nilijificha nyuma ya choo kama mwizi wa kuku mpaka alipoingia ndani. Ndivyo adabu ya kwao inavyotaka. Mtu na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Jina lake silitamki hata nikibanwa koo. Mimi mtu wa Lindi mjini, kwetu mkwe tunamwamkia yakaisha. Lakini nimeoa huku, nimekubali ya huku.

Kwenye daftari hili peke yake naweza kuandika. Bi Somoe. Bi Somoe. Bi Somoe. Haya, basi.

Tumempa chumba cha pili. Kuanzia leo siruhusiwi kukanyaga humo.

Jumapili, 8 Agosti

Zuhura alikwenda kisimani. Tukabaki watatu: mimi barazani, mkwe uani, beberu katikati.

Nikasikia sauti: "We Bwana Shauri! Kamwambie mwenye nyumba uji u tayari."

Bwana Shauri ni beberu. Wamempa cheo cha Mzungu mkuu wa wilaya kwa sababu ya ndevu nyekundu, na kwa sababu hafanyi kazi ila husimama akawatazama wanaofanya. Nilisubiri afikishe ujumbe. Hakufikisha. Mwishowe nikasema, "Bwana Shauri, mwambie nimeshukuru." Uji ukasukumwa mlangoni kwa mti.

Zuhura aliporudi alicheka mpaka akashika tumbo. Anasema ndivyo ilivyo, pasipo na mtu wa kati hata kuku anatosha. Mbuzi ni heshima kubwa.

Mchana kikao cha pili. "Bwana Shauri, nyumba hii nyeupe kama sanda. Mdudu hata mmoja hamna. Humu watu wanaishije?"

Nilikuwa na majibu kumi. Huwezi kumpa mbuzi majibu kumi.

Jumatano, 11 Agosti

Bwana mkubwa wa afya ameniita ofisini. Nyumba yangu imechaguliwa! Tarehe tisa mwezi ujao atakuja na majumbe, wakuu wa vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, waone nyumba isiyo na papasi ilivyo. Majumbe wa upande wa Ruangwa ndio waliokataa unga mwaka jana. Wakiridhika, tutaingia Chinongwe kabla ya mvua.

Nimepiga chokaa tena. Nimenunua kaptula mpya. Zuhura ameuliza kama majumbe watakagua na kaptula.

Jumapili, 15 Agosti

Papasi. Nyumbani kwangu.

Mguu wa kitanda, upande wa Zuhura. Mnene, rangi ya udongo, ngozi kama ya mkoba mkuukuu. Nimemponda. Ametoa damu. Damu ya nani?

Nimemkagua mke wangu kama forodhani wanavyokagua mizigo. Hana alama. Mimi ninazo mbili, nyuma ya goti. Alhamdulillahi, nimesema. Zuhura ameniona wa ajabu, mtu kaumwa anashukuru.

Wametoka wapi? Nimehesabu walio kwenye chupa yangu ya kazi. Wote wapo, wamekufa. Nimetikisa nguo zangu za safari. Hamna. Nimekwenda kwa Daudi, mwenzangu anayesoma damu kwa hadubini hospitali. Mmakonde, mcha Mungu, mdomo wake hauna breki. Alinisikiliza akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Halafu akacheka peke yake dakika nzima.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimeomba ruhusa ya siku moja, nimepulizia nyumba yangu mwenyewe. Ukumbi, chumba chetu, banda la kuku, jiko. Kimebaki chumba kimoja.

Bi Somoe ameketi kizingitini, miguu kainyoosha. Bwana Shauri kaitwa.

"Mwambie bomba lake lisivuke miguu yangu."

"Bwana Shauri, mwambie ni kwa ajili ya mtoto."

"Mwambie na mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto huyo huyo."

Beberu alivuta unga puani, akapiga chafya tatu, akaondoka. Kikao kikavunjika.

Nina hasira. Nimepulizia nyumba za wachawi, za walevi, ya jumbe mmoja mwenye wake wanne wasiosemezana. Kwangu nimeshindwa na miguu ya bibi mmoja.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimeujua ukweli. Bora nisingeujua.

Zuhura amenieleza akikwepa macho yangu. Mama yake ana kopo la ugoro. Ndani hamna ugoro. Mna papasi. Saba alitoka nao nyumbani, wa chumba chake mwenyewe, na mmoja alimponyoka siku ile alipofika. Huyo niliyemponda.

Kwao wazee hawalali ugenini bila papasi wa kwao. Wanasema ukizoeana na wa kwako, wa watu hawana homa ya kukupa. Kila Ijumaa Bi Somoe hulifungua kopo, huwaweka kwenye muundi wa mguu wanywe, kisha huwarudisha. Huwalisha! Mimi nazunguka wilaya mbili kwa baiskeli kuwaua, na nyuma ya ukuta wangu wanakula kila Ijumaa kama watu wa hitima.

Si hilo tu. Anataka wamuume na Zuhura, mara moja, kabla hajajifungua. Zuhura kaondoka kwao miaka miwili, kinga yake imeoshwa na unga wangu, na mtoto atazaliwa mgeni.

Nikasema hapana. Kwa sauti iliyomfanya hata beberu asimame wima.

Nimemuuliza Daudi. Hakucheka leo. Amesema wazee hawakosei kabisa, aliyeumwa tangu utotoni homa haimpati sana. Lakini aliyeacha kuumwa akaja kuumwa tena hana uhakika, na mwenye mimba si wa kujaribiwa. Akasema nitoe kopo hilo nyumbani leo.

Nitatoaje? Chumbani kwake siingii. Kumwambia lete kopo lako siwezi, hata kupitia mbuzi. Ni kumvua nguo. Mjomba wa Zuhura akisikia nimemtukana dada yake atakuja kumchukua mpwa wake, na tumbo lake, ampeleke Chinongwe kwenye ule ukuta unaotembea.

Najua la kufanya. Ni la aibu.

Jumamosi, 21 Agosti

Nimelifanya.

Wamekwenda sokoni kununua kanga za mzazi. Nikangoja mpaka wapite kwenye msikiti. Nikaingia chumbani kwa mkwe wangu. Nimeingia kinyumenyume, ili nisikitazame kitanda chake. Nimegonga mchi. Nimejikwaa kwenye kikapu. Kopo lilikuwa chini ya mto.

Sita, wazima, wamelala juu ya majivu. Nimewamimina kwenye chupa ya spiriti. Kisha nikaweka mbegu sita za mbarika, ule mbarika ulioota nyuma ya choo. Umbo lile lile, tumbo lile lile. Daudi mwenyewe angedanganyika akiwa hajavaa miwani, na Bi Somoe macho yake yana ukungu, uzi kwenye sindano hutungiwa na Zuhura. Nikanyunyiza unga kwenye nyufa, nikafuta juu. Nikatoka, kinyumenyume tena.

Bwana Shauri alikuwa mlangoni anatafuna. Ameona yote.

Nimemwokoa mtoto wangu. Ni kweli. Babu yangu alikuwa imamu. Mjukuu wake ni mwizi wa papasi.

Alhamisi, 26 Agosti

Kichwa. Mgongo. Baridi kwenye jua. Nimerudi kutoka Mbwemkuru kwa kusukuma baiskeli. Huko mazizi ya mbuzi yamejaa kupe, masikio ya mbuzi kama vishada vya zabibu. Sikufanya kazi yoyote. Nimeketi chini ya kichanja cha mahindi natetemeka, wenye mbuzi wananipepea.

Ijumaa, 27 Agosti

Homa kali. Siku ya kuwalisha.

Nimelala nasikiliza ukutani. Mlango wake umefungwa. Kifuniko cha kopo kimelia. Nimengoja kelele. Kifuniko kimelia tena. Ametoka, amemuuliza beberu kama mgonjwa amekunywa maji.

Hajatambua! Macho yamekwisha, maskini. Nimeponea chupuchupu.

Jumamosi, 28 Agosti

Daudi amekuja na sindano ya kutobolea kidole. Amekwenda na damu yangu, amerudi anakimbia, uso unang'aa. Homa ya papasi. Vidudu vimejipinda kama skrubu, anasema, vingi, vizuri sana, hajapata kuona slaidi nzuri namna hii. Ameita ofisi nzima kuangalia. Hata mtunza bustani ameangalia.

Bwana Papasi kapatwa na papasi. Kinyozi hajinyoi. Mpaka jioni nimesikia methali zote za pwani na bara. Nimechomwa sindano upande wa kulia, silalii upande huo.

Jumatano, 1 Septemba

Nafuu. Nimekula wali.

Siku zote hizo Bi Somoe aliketi nje ya mlango wangu, mgongo kauelekeza kwangu, anatwanga. Kila alipomaliza kinu alimwambia Bwana Shauri aniambie ninywe uji wa mtama. Nikikataa, alimgombeza beberu. Beberu amegombezwa sana wiki hii.

Leo nimemuuliza Zuhura kwa nini mama yake anang'ang'ania lile kopo. Hakutaka kusema, kisha akasema.

Bi Somoe alipokuwa msichana alimfuata mumewe kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Walilala kwenye kambi ya vibarua, papasi wa watu wa kila kabila. Siku ya kumi homa. Ikaondoka, ikarudi. Iliporudi ilimtoa mtoto. Wa kiume, ana nywele. Wakamzika kandokando ya mkonge. Baada ya miaka alirudi kulitafuta kaburi, akakuta mkonge umepandwa hadi pale. Tangu hapo halali ugenini bila kopo.

Miezi saba. Ya kwanza.

Nami nimemwekea mbarika.

Zuhura hajui nililofanya. Nilitaka kumwambia, nikaomba maji. Siwezi hata kurudisha. Wamo kwenye spiriti, wamekunjika miguu. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka.

Jumanne, 7 Septemba

Imerudi. Nimewaeleza watu mara elfu kuwa hurudi. Sikudhani inasikiliza.

Kesho kutwa majumbe.

Alhamisi, 9 Septemba

Naandika nimelala.

Wamekuja saa nne. Bwana mkubwa wa afya, karani wake mkalimani, majumbe sita wenye kanzu, na bwana shauri mwenyewe wa wilaya, Mzungu mwenye ndevu nyekundu. Sikuambiwa atakuja. Mimi nipo kitandani, blanketi mpaka kidevuni, kaptula mpya imetundikwa ukutani. Angalau imeonekana.

Wamesimama ukumbini wanasifu chokaa. Hapo ndipo Zuhura alipopiga kelele kutoka uani: "Bwana Shauri! Toka chumbani mwa mume wangu, shenzi we, umekula tena mkeka!"

Mzungu akauliza amesema nini. Karani, Mungu ampe maisha marefu, akasema mama anawakaribisha. Beberu akapita katikati yao, kipande cha mkeka kinaning'inia mdomoni.

Jumbe wa Chinongwe hakuwa mtu wa kuchekeshwa. Akauliza kwa sauti, mbona Bwana Papasi mwenyewe yuko kitandani? Nyumba gani ya mfano hii? Nikafumba macho. Kazi imekwisha, nikajua. Unga hautaingia Chinongwe mpaka nife.

Akajibu Bi Somoe. Alikuwa uani, hakuingia, alisema kwa wote kwa Kimwera na Zuhura akanisimulia. Alisema mkwe wake kaumwa huko kwenu, vijijini, akiwapulizia ninyi. Watu wakacheka. Jumbe, ambaye wanafahamiana tangu utotoni, akamwambia: na wewe Somoe usitudanganye, kopo lako tunalijua. Bi Somoe akasema: "Wiki ya tatu hii nalala humu bila papasi hata mmoja. Unaniona nimekufa?"

Baadaye jumbe amemwambia bwana mkubwa kwamba kama yule mama kasema, Chinongwe watakubali.

Nimelala hapa nawaza. Kopo liko kiunoni mwake, amelifunga kwenye pindo la kanga. Kwa anavyojua yeye, papasi wake sita wamo. Amesimama mbele ya majumbe akasema uongo ili kunisitiri mimi. Mimi niliyemwibia.

Ningekuwa na nguvu ningejificha nyuma ya choo.

Jumatatu, 20 Septemba

Zuhura ana joto.

Ameamka analalamika kichwa. Nimeweka mkono kwenye paji, nimeutoa. Kama sufuria.

Kama ni homa ya papasi, basi yule mmoja aliyetoroka koponi alimwonja kabla sijamponda, au alikuwa na wenzake nisiowaona. Mama yake ndiye aliyewaleta. Lakini kama wazee wana haki, basi mimi ndiye niliyemnyang'anya kinga. Nimegeuza geuza, kila upande nakuta mkosaji yuko nyumbani kwangu, na pande nyingi ni mimi.

Nimempakia kwenye baiskeli, nikasukuma. Bi Somoe nyuma, hatua kumi, kama adabu inavyotaka. Anatembea haraka kuliko mimi.

Hospitali kuna benchi moja. Tumeketi, yeye ncha hii, mimi ncha ile, tumepeana migongo. Beberu hatukuja naye; baiskeli nimeiegemeza mbele yetu. Kisha nikamsikia: "Baiskeli, mwambie asitafune kucha."

Nikaacha kutafuna. Nikasema, "Baiskeli, mwambie kuna jambo nimelifanya. Baya."

Hakukawia kujibu. "Baiskeli, mwambie anyamaze. Mgonjwa kwanza."

Mtu mwenye jipu aliyekaa katikati ya benchi alihamia ukutani.

Wamemlaza. Jibu la damu kesho. Nyumbani nimemkuta Bwana Shauri juu ya kitanda changu. Sikumfukuza.

Jumanne, 21 Septemba

Malaria!

Daudi amechungulia slaidi tatu. Hakuna skrubu hata moja. Malaria ya kawaida, imewahiwa, vidonge, mtoto anacheza tumboni. Nimemkumbatia Daudi. Nimetoka nje napiga kelele, "Mke wangu ana malaria! Mke wangu ana malaria!" Wauguzi wamekuja kuniangalia macho.

Bi Somoe alikuwa kwenye ngazi. Aligeukia ukuta, akafunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Si kazi yangu kutazama.

Jumamosi, 2 Oktoba

Mtoto wa kike. Alfajiri, hospitalini. Mzima. Ana nywele.

Sina la kuongeza leo.

Jumamosi, 9 Oktoba

Tumempa jina. Wanawake wameamua, mimi nimejulishwa. Ameitwa jina la bibi yake.

Yaani mwanangu mwenyewe siwezi kumwita. Nikimtaja mtoto nimemtaja mkwe. Nimelalamika. Zuhura akasema nimwite "Bibi." Daudi akasema nimpitie kwa mbuzi.

Majumbe wamepanga siku. Chinongwe tunaanza baada ya arobaini ya mtoto. Bwana mkubwa amenishika mkono.

Ijumaa, 12 Novemba

Arobaini imetimia jana. Bi Somoe ameondoka leo kwa lori la korosho. Beberu amemwacha, ni wa mjukuu.

Asubuhi nilitoka barazani nikamkuta Bwana Shauri ananingoja. Shingoni kafungiwa kitambaa, kwenye kitambaa kopo la ugoro. Nikalifungua. Mbegu sita za mbarika. Safi, zimefutwa vumbi, zinang'aa.

Sauti yake ikatoka nyuma ya mlango. Ya kawaida, kama anaagiza chumvi.

"Bwana Shauri, mwambie mwenye nyumba papasi hawana madoadoa. Na siku nyingine akiingia chumbani mwa watu, mto aurudishe kama alivyoukuta."

Nikaketi juu ya gunia.

Alijua jioni ile ile. Aliulalia mto huo miaka arobaini, angekosaje kujua? Hakusema kwa Zuhura, hakusema kwa mjomba. Angesema, ningeaibika mimi. Ijumaa zile alizojifungia alikuwa anafungua kopo la mbegu na kulifunga, ili nisikie kifuniko. Na kwa jumbe hakusema uongo.

Nimehesabu. Siku themanini na tatu. Kalala ugenini bila kinga yake, anangoja homa ya Lindi kila asubuhi. Lori la Ruangwa, la kwenda kwao, lilipita hapa mara mbili kwa wiki. Hakupanda.

Alipotoka na mkeka wake nilipaswa kwenda nyuma ya choo. Sikwenda. Nilisimama, macho chini, nikaziona nyayo zake, vumbi jeupe la unga wangu limemganda kwenye visigino. Nikasahau beberu. Nikasema, "Ahsante, mama. Unisamehe."

Nilisikia Zuhura akivuta pumzi.

Bi Somoe alimgeukia Bwana Shauri, akamkuna katikati ya pembe.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na Jumatatu akija Chinongwe, mlango wa chumba changu nitauacha wazi. Nitakuwa shambani."

Lori limeondoka saa tatu. Mtoto amelala. Kopo nimeliweka juu ya kabati, mbarika zake ndani. Bomba nimelisafisha, halijaziba.